Taiming ya Alfonce

Kijiwe cha fundi Benedicto kiko nyuma ya stendi ya Ngara: benchi la mbao, dumu la oili chafu na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Asubuhi hiyo mbele ya benchi palikuwa na gari la marehemu Alfonce, boneti wazi. Alfonce alikuwa fundi mwenzake Benedicto, rafiki wa kufa na kuzikana kweli, maana homa ilimchukua wakati wa masika na Benedicto ndiye aliyeshika jeneza mbele. Sasa gari analiendesha mdogo wa marehemu, Danstan, kati ya Ntobeye na Rusumo. Likijaa abiria likashika mlima, injini inagonga kama mtu anayenyoosha bati.

— Ni petroli ya madumu, akasema Forodha, wakala wa mizigo kule mpakani. Ikikaa kwenye dumu inachacha.

— Petroli siyo togwa, akajibu Kona, bodaboda ambaye hakuna kona hajaanguka. Ni hiyo tabo, feni ya kusukumia injini hewa. Inavuta hewa ya maporomoko ya Rusumo, hewa ina maji. Maji ndiyo yanabisha hodi humo ndani.

— Basi malori yote yangebisha.

— Yanabisha, ila madereva wanaweka redio juu.

— Mimi nakwambia ni ule umeme wa bwawa la Rusumo, Forodha akapandisha dau. Ukipita pale plagi zinaunyonya.

Danstan hakucheka.

— Kaka Ben, hili litafika wapi?

Benedicto alijua. Alfonce alipenda gari lenye nguvu, akaiwahisha taiming, plagi zikawa zinawasha moto mapema mno. Aliitega kwa sikio, hapa hapa juu, asubuhi ya baridi, gari tupu, na lilikuwa tamu kweli. Lakini likijaa watu na tabo ikisukuma hewa, moto unaikuta pistoni bado inapanda.

— Pistoni itatoboka, akasema. Nikilegeza nati hii nikaigeuza kidogo distributa inayogawia plagi umeme, kugonga kunakwisha.

— Sasa unangoja nini tangu juzi? Kona akauliza.

Nati ile ilikazwa na mkono wa Alfonce, na tangu azikwe hakuna aliyeigusa. Kila Benedicto aliposhika spana, roho ilimuuma.

Hapo akafika Mama Genoveva, mama yao Alfonce na Danstan, akipapasa njia kwa fimbo. Macho yake siku hizi hayaoni.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Nasikia mnaiondoa ile sauti.

— Tunaiondoa, mama, akasema Benedicto. Tukiiacha gari litakufa.

— Sawa. Alfonce akianza kupanda kwetu Ntobeye, nilikuwa naisikia, napakua chakula. Hata sasa naisikia, napakua. Mkishaiondoa, mwanangu nitamsikilizia wapi?

Forodha akatazama kikombe chake.

Benedicto akachora mstari kwa ncha ya bisibisi, pale pale Alfonce alipoiacha distributa. Akamshika mama mkono, akakiweka kidole chake juu ya mstari. Mama akaupapasa polepole, akaondoa mkono mwenyewe. Ndipo Benedicto akalegeza nati.

Jioni gari lilipanda kutoka Rusumo limejaa watu bila kugonga, na kijiweni hakuna aliyeinua kichwa mpaka lilipokwisha kupita. Benedicto akamwaga kahawa iliyobaki, akalia.