Mgongo wa Kumbebea Pendo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ninyi kaeni, mimi niacheni nisimame hivi hivi, maana kusimama huku nimekulilia sana.

Mnaonifahamu hapa Pasiansi mnajua kazi yangu ni kuanika dagaa. Beseni kichwani kutoka mtumbwini, unainama, unatandaza, unageuza, unainama tena. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, wakati ule viwanda vinauzwa, akaanza kuuza mitumba Buzuruga. Kwa hiyo nilipomzaa Pendo sikupumzika. Siku moja nainuka na beseni, kiuno kikanasa. Nilirudishwa nyumbani nimebebwa.

Maumivu ya kiuno msiyasikie kwa watu! Nilikandwa, nikachuliwa, nikafungwa kitenge kiunoni mpaka kupumua kukawa taabu. Hospitali wakanipiga picha, wakasema mifupa ni mizima, wakanipa dawa za kutuliza. Akina mama wa kanisa hili, Mungu awabariki, walinipenda kwelikweli. Walipeana zamu: huyu anateka maji, huyu anapika, jirani yangu anambeba Pendo. Mimi nikakatazwa hata kuokota kijiko. Nikalala miezi, na kila nilivyozidi kulala ndivyo kuinuka kulivyozidi kunishinda.

Lakini kilichoniliza hasa ni mtoto. Pendo akaanza kutembea, na usingizi ukimshika ananipita pale kitandani, anakwenda kumvuta jirani gauni ambebe. Mwanangu mwenyewe! Nikamwambia Mungu, kama hunipi kingine, nipe mgongo wa kumbebea huyu mtoto.

Akajibu kwa njia ambayo sikuitegemea. Mume wangu alinirudisha hospitali, tukakutana na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kihaya asiye na mchezo. Akanipima, akauliza nashindaje. Nikamwambia kwa fahari kwamba sigusi kazi yoyote. Akasema, "Mama, hao wanaokupenda wanakumaliza. Mgongo unataka kazi, taratibu." Akanilaza kwenye mkeka: vuta pumzi, kaza tumbo la chini, nyanyua kiuno polepole, shusha. Akasema mazoezi hayo yanaitwa pilates, niyafanye kila asubuhi, na jioni nitembee.

Sasa nyumbani! Tulikuwa tunaishi na baba mkwe, na chumbani kitanda kimejaa ukuta hadi ukuta. Nafasi ya mkeka ilikuwa sebuleni tu. Niambieni ninyi mlioolewa Usukumani: mkamwana alale chali sebuleni, ananyanyua kiuno, mkwe anapita? Nikaacha mazoezi. Niliporudi hospitali yule mama akanigundua mara moja, akanigombeza. Nikamweleza mume wangu huku nalia, naye akaenda kuzungumza na baba yake.

Asubuhi yake nikamsikia mkwe wangu anatoa kigoda nje, anafunga mlango, anakaa. Akina mama wakaja na ndoo zao za maji, wakamkuta pale mlangoni. Nikamsikia anawaambia kwa upole, "Asanteni, wanangu. Leo mniachie mkamwana wangu. Nataka mjukuu wangu abebwe na mama yake."

Ndugu zangu, nililia pale pale kwenye mkeka, tumbo nimelikaza! Tangu siku hiyo mzee alikaa mlangoni kila asubuhi, hata mvua ikinyesha. Mchungaji mwenyewe aliwahi kungojeshwa nje, kama anabisha aseme.

Haukuwa muujiza wa siku moja. Niliumia, nikachoka, nikanuna. Akina mama wengine walidhani nimeudharau upendo wao, na hapo tuliombana radhi. Hata leo kiuno hunisema nikizidisha mzigo. Lakini nainama, naanika, nateka maji yangu. Wewe uliyelazwa na mgongo nakusihi, mtumaini Bwana, nenda ukapimwe, kisha ukubali kuinuka kidogo kidogo. Mungu aliyeniona mimi atakuona na wewe.

Ningesema mengi, ila namwona Pendo pale katikati ya mabenchi, anafikicha macho. Amempita jirani, mnaona? Anakuja huku mbele. Nipeni kanga yangu hapo, ndugu zangu. Njoo, mwanangu, panda.