Eksirei ya Mkono

Basi la kutupeleka kwenye kongamano la kompyuta za tiba lilikuwa nusu tupu, ila kijana mwenye bango lililokunjwa alichagua kukaa mbele yangu, ubavuni mwa daktari wa makamo asiyemjua hata kidogo. Akaanza kujisifu kabla hajaulizwa.

"Kompyuta yangu inasikiliza wagonjwa, mama. Juzi bibi mmoja kaiambia, 'Mjukuu wangu anajifungua, roho yangu iko mkononi.' Ikamwandikia eksirei ya mkono."

"Wa kulia au wa kushoto?" daktari akauliza. Mimi nikajitia kukohoa.

"Kosa si la kompyuta. Watu waseme moja kwa moja."

"Ifundishe Kiswahili, mwanangu. Bibi wa watu ana mjukuu wa kumhangaikia."

Wakabishana hivyo hadi basi likasimama mlangoni pa ukumbi. Kijana hakuinuka. Alikuwa amelikumbatia bango lake kama mtoto mgonjwa.

"Kulikoni?" daktari akauliza.

"Leo wanaotoa ufadhili wa utafiti watanisikiliza," akasema kwa sauti ndogo. "Roho iko mkononi, mama."

Daktari akamshika mkono, akaugeuza, akakagua kiganja.

"Huu hauna kitu," akasema. "Lete wa pili."