Audax Kamugisha na Foleni ya Zahanati

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya ndugu yetu Audax Kamugisha, nami naomba mnivumilie, maana kuna mahali pazito mdomoni.

Audax alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Bukoba mjini, akahitimu shahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2010. Januari 2011 aliajiriwa na ofisi ndogo ya kutengeneza programu pale Kinondoni, na tarehe 7 Septemba 2013 alifunga ndoa na Yuliana, wakajenga Kinyerezi, wakajaliwa binti mmoja, Benedicta, tarehe 2 Juni 2015.

Ofisini kwao walikuwa na mila yao, amri za programu walizipa majina ya Kiswahili, na amri iliyoanza na neno "pata" ilikuwa ya kuuliza tu, ilete jibu, isiguse kitu. Mwaka 2019, akitengeneza mfumo wa foleni wa zahanati moja ya Temeke, Audax aliandika amri akaiita pataZamu, lakini kwa haraka zake akaipa na kazi ya kusogeza foleni, asimwambie mtu. Mwenzake Najma, aliyeliamini jina, aliiunganisha na runinga ya mapokezi ili wagonjwa waone zamu zao, runinga ikawa inauliza kila mara, na kila ikiuliza foleni inasogea, hata Bi Mwamvita wa Tandika, aliyefika alfajiri na mguu umevimba, akarukwa, akarudi nyumbani bila kuonwa na daktari. Mwenye zahanati alikuja juu, kikao kikaitwa, Najma akasemwa mbele ya wafanyakazi wote mpaka akalia, akaachishwa kazi wiki ileile, na Audax alikuwepo kikaoni, ameinamia kikombe chake cha chai.

Baadaye aliirekebisha amri ile kimyakimya, akawa mkali wa majina kuliko wote, akimfundisha kila mfanyakazi mgeni kwamba jina lisifiche kazi, wakamsifu, na kila sifa ilimchoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na Februari iliyofuata, akiwa wodini, alimwita Najma akamweleza yote huku analia. Najma alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba kaka, mie nilivuliwa nguo mbele za watu, huwezi kunivisha kwa kuninong'oneza hapa kitandani. Audax aliahidi kwenda kusema ofisini akipata nguvu, nguvu hazikuja, akamwagiza Yuliana kwamba haya yasomwe msibani, ofisi nzima ikiwepo, na asipambwe kwa sifa. Alifariki tarehe 3 Mei 2025. Familia tuna aibu, hatujui pa kuziweka nyuso zetu, lakini tumetii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kinyerezi mliofunga maturubai na kupika, na wafanyakazi wenzake mliojaa mabenchi ya nyuma. Ninyi wa mabenchi ya nyuma tunawaomba mgeuke, mumtazame Najma, amekaa pale karibu na geti, kosa halikuwa lake.

Audax, tumelisema, pumzika kwa amani.