Bibi Shi Peilan na Pipa la Samaki wa Msiba Wake

Wazee wa Pingliu, ndugu wa ukoo wa Yang na wa ukoo wa Shi, majirani, na ninyi mliopanda mlima huu kwenye utelezi tangu jana, familia inawaomba utulivu kidogo ili wasifu wa mama yetu usomwe kwa utaratibu, na kazi hiyo imemwangukia mkwe wake, Pan Wenkai, mtu wa kuja kutoka Hunan, kwa hoja kwamba binti wa marehemu angelia kabla ya kufika katikati, naye mkwe amekubali bila kuahidi kwamba yeye atafika mwisho akiwa na macho makavu.

Marehemu Bibi Shi Peilan alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1946 katika kijiji cha Gaoxie, ng'ambo ya mto, wilaya ya Congjiang, mkoani Guizhou, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Shi Yongfa na Bi Wu Nailian, na alizaliwa katika siku za kufungulia maji ya majaruba ya mpunga tunamofuga samaki, wakati kila mwenye miguu yuko matopeni anakamata samaki, ndiyo maana mkunga alifika akiwa na magamba mikononi, na marehemu alipenda kusema kwamba harufu ya kwanza kuijua duniani ilikuwa ya samaki na hakuona sababu ya kuikimbia.

Alianza shule mwaka 1954 hapo hapo Gaoxie na kuishia darasa la nne mwaka 1958, mama yake alipougua na mikono ya kazi ikapungua nyumbani, kisha ikaja ile miaka ya njaa ambayo wazee mliopo hapa mnaijua na vijana mmeisikia, na marehemu hakuificha huzuni yake ya kuachishwa masomo, ila alijua kusoma, alijua kuandika jina lake, na bei za sokoni hakudanganywa na mtu.

Kwa upande wa kazi, marehemu alilima mpunga tangu utotoni, na kuanzia Aprili 1979 hadi alipostaafu Desemba 2001 alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya wilaya, alikowapikia maofisa, walimu, wapiga picha na watalii vyakula vyetu wenyewe, chai ya majani yaliyokaangwa kwa mafuta na kumwagiwa bisi za mchele, wali wa kunata uliotiwa weusi kwa majani ya porini, samaki wachachu wasioguswa na moto, na hasa ile supu ya nyongo na maji ya majani yaliyokwisha sagika tumboni mwa ng'ombe, ambayo wageni wa Shanghai walikuwa wakiizibia pua mlangoni na kuondoka wakiwa wameomba bakuli la pili. Mkwe huyu alipoletwa kutambulishwa mwaka 1998 aliwekewa supu hiyo mbele yake bila maelezo, akainywa yote kwa woga wa mkwe, akatoka nje na kuirudisha yote nyuma ya banda la kuni, na marehemu, aliyekuwa ameona kila kitu kupitia dirishani, hakumwambia mtu, alimwongezea wali tu aliporudi mezani. Tangu siku hiyo mkwe alijua ameingia nyumba ya nani.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Februari 1967 na Ndugu Yang Guangting, seremala wa kijiji hiki, mtu wa maneno machache na utani mwingi, wakajaliwa watoto wawili, Yang Shenglin aliyezaliwa mwaka 1969 na Yang Xiuqin aliyezaliwa mwaka 1973. Mwaka 1996, mama alipotimiza miaka hamsini, Ndugu Guangting alimtengenezea pipa la msonobari lenye mikanda ya mianzi, na vuli ile marehemu akapasua samaki wake mgongoni, akawalaza kwenye chumvi, akawajaza wali wa kunata uliochanganywa na pilipili, tangawizi na pombe ya mchele, akawapanga, akawafunika, akawakandamiza kwa mawe ya mtoni na kumwaga maji juu yake ili hewa isipite, kama anavyofanya kila anayefikia umri huo hapa, kwa kuwa wafiwa hawagusi nyama mpaka jeneza litoke nyumbani, na anayejiheshimu huwaachia watu wake samaki aliowatia kwa mkono wake mwenyewe siku zake za afya. Pipa hilo halifunguliwi mwenyewe akiwa anapumua. Pipa la msiba la Ndugu Guangting mwenyewe tulilifungua mwaka 2009 tulipomzika, na mliokula mnakumbuka, nyama ya samaki ilikuwa nyekundu na laini, na hapakuwa na aliyeona haya kuomba tena.

Tarehe 19 Juni 2014 kijana wetu Shenglin, aliyekuwa hajaoa, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi mjini Foshan na kufariki siku hiyo hiyo, akiwa na miaka arobaini na mitano. Nani humtilia samaki wa msiba mtu wa umri huo? Hakuwa na pipa, na tena aliyekufa vibaya ugenini haingizwi kijijini, kwa hiyo majivu yake yaliwekwa chini ya paa la daraja letu lililoezekwa, nje ya kijiji, na wazee wakashauri kwamba azikwe haraka, kwa mboga na tofu, mambo yaishe. Marehemu aliwasikiliza hadi mwisho, akawashukuru, akaenda ghalani. Mzee Wu Dechang, aliyekuwa msemaji wa wazee, alimfuata na kumwonya kwamba mzazi halishi msiba wa mwanawe, na kwamba anayelifungua pipa lake akiwa hai anajiitia kifo, na maneno aliyojibiwa yamebaki kijijini hapa hadi leo.

"Samaki ni wangu na mtoto ni wangu," mama alisema. "Wewe shika upande ule tuondoe jiwe."

Mzee Wu akashika. Samaki wa miaka kumi na minane wakaliwa darajani hadi wa mwisho, Shenglin akaagwa kama mtu mwenye kwao, na wengi wenu mlikuwepo.

Vuli ya mwaka huo huo marehemu alitia samaki wengine, akiwa na miaka sitini na minane na mikono iliyokwisha anza kutetemeka, naye kila wiki aliongeza maji juu ya pipa kwa utulivu wa mtu anayemwagilia miche. Mwezi Agosti 2022 aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, akalazwa hospitali ya wilaya, binti yake akakaa kitandani pake muda wote huo na nyumba ikafungwa, na ndio mwaka ambao jua liliukausha mlima, maji ya pipa yakaisha, hewa ikaingia, na tuliporudi harufu ilitupokea uani. Hakuna aliyekosea, lakini Xiuqin alilia kuliko alivyolia hospitali. Majaruba nayo yalikuwa yamepasuka, samaki wa mwaka ule hawakuuzidi urefu wa kidole, na mama hakuweza tena kusimama. Binti alipendekeza kununua wale wa sokoni wanaofungwa kwenye mifuko ya watalii, marehemu akakataa, akisema samaki wa msiba hanunuliwi, na jioni nyingine, alipodhani anazungumza na Xiuqin peke yake, alilitamka lililokuwa likimuuma.

"Mtawalisha watu mboga. Hawatasema kitu, na hilo ndilo baya."

Aliyewalisha wageni wa nchi nzima aliogopa kuwaaga watu wake kwa sahani tupu. Hofu hiyo ilimtesa kuliko nyonga, na sisi tulioishi naye hatukuwa na dawa yake.

Kuanzia Januari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani, na tarehe 14 Machi 2023, saa tatu asubuhi, baada ya kunywa nusu bakuli la chai ya mafuta na kulalamika kwamba binti yake bado hajui kukaanga majani, Bibi Shi Peilan alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili na mkwe.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya wazee waliomhudumia kwa upole hata alipowakosoa supu yao, kwa wapishi wenzake wa zamani waliokuja wote walio hai, na kwa vijana waliobeba mbao za jeneza kwenye mvua.

Kwa majirani maneno ya mkwe ni haba. Juzi tulikuwa tumekwisha injika mboga na tofu, tukiwa tumeinamisha vichwa, Mzee Wu Dechang, mwenye miaka themanini na sita, alipoingia uani na kikapu cha samaki kutoka pipa lake mwenyewe, pipa la msiba wake, alilolitia mwaka 1991. Xiuqin alimpigia magoti akirudishe, akamkumbusha onyo lake mwenyewe la siku ile ghalani. Mzee alikitua kikapu jikoni, akafuta mikono.

"Nitatia wengine," alisema. "Sina haraka."

Baada yake akaja mjane wa fundi mianzi, kisha nyumba ya chini ya kisima, kisha wa Gaoxie wakavuka mto, kila mmoja na samaki wake, wazee waliofungua mapipa yao wakiwa hai, mpaka tukakosa vyombo vya kupokelea. Sahani zilizo mbele yenu zinatoka mapipa hayo.

Mama, watu wako wanakula samaki. Pumzika sasa, kwa amani.