Kioo cha Fundi Nyuma ya Madhabahu

"Hivi, kanisa lenu linahema?"

Jirani yetu mshona nguo ndiye aliyeuliza, amesimama mlangoni kwake, ng'ambo ya barabara, akiutazama ukuta wetu. Sisi tulicheka. Fundi hakucheka.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Fundi. Mwashi, mzee wa kanisa. Tulimzika wiki iliyopita.

Usharika wetu wa Kilutheri ulianza na watu kumi na mmoja, ndani ya karakana ya seremala. Tuliimba na vumbi la mbao puani. Kisha Fundi akatujengea kanisa. Msingi aliuchimba wa jengo la chini tu. La chini tu, wasikilizaji. Watu walipozidi, baraza la wazee likataka roshani ya kwaya juu ya ukuta uleule. Fundi alikataa. Akashindwa kwa kura.

Haikupita miaka miwili, ukaonekana ufa nyuma ya madhabahu. Fundi akabandika kipande cha kioo juu yake kwa saruji. Kioo kikipasuka, ujue ukuta unatembea. Kikapasuka. Akabandika kingine. Vilipasuka vitatu kwa mwaka mmoja, na kila kimoja alikiandikia tarehe kwa penseli.

"Mzee mwenzangu, huu ukuta umeuoa?" katibu wa usharika alimtania.

"Mke akitaka kuondoka hufunga mizigo," Fundi akamjibu. "Huu umeshafunga."

Mara akaugua. Akiwa kitandani, wenzake wakaupiga ukuta lipu na rangi nyeupe, jubilei ya miaka arobaini ipate kupendeza. Vioo vyote wakavifukia humo.

Binti yake ananiambia, "Kila asubuhi baba aliuliza, 'Kioo kizima?' Nami nikamdanganya, mama. Nikasema kizima. Mungu anisamehe."

Binti yetu, na nyumba yote ya Fundi, poleni sana. Bwana awafute machozi. Nanyi mtakaokuja Jumapili kwenye jubilei, tazameni juu kabla hamjakaa.

Maana jana, kwenye kikao cha wazee, katibu alisoma ratiba: jubilei ni ndani, kwaya tatu roshanini. Binti wa Fundi akaomba nafasi. Akafungua leso, akaweka mezani vipande viwili vya kioo.

"Nilikibandika juu ya lipu yenu siku ya mazishi," alisema. "Kilikuwa kimoja."

Katibu akakunja ratiba, kisha akaikunjua tena. Binti akachukua mkoba wa zana wa baba yake, akatoka.