Nani Alisema Vidonge Vyangu ni Kukosa Imani?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Hiyo amina yenu ndogo, lakini sawa. Kaeni, maana leo nimekuja na hasira yangu na sikuiacha mlangoni.

Mnanijua. Mimi ni Mama Eliya, mrina asali wa hapa hapa Mitundu, na nina kifafa tangu usichana. Nilikuwa nameza vidonge vya zahanati, kifafa kikatulia, nikaolewa, nikazaa. Ndipo akaja yule mhubiri mgeni na kapu lake. Akatangaza, "Mwenye imani atupe dawa humu!" Nikatupa. Mkapiga vigelegele, ninyi hawa hawa!

Siku chache tu, nikaanguka jikoni kwa mama mkwe, mkono ukaingia motoni. Nimesimuliwa yote. Wanawake wazima mmejaa mlangoni: "Msimguse, povu linaambukiza!" Jamani! Mkono wa mwenzenu unaungua, ninyi mnaogopa mate? Kovu hili hapa. Tazameni, msiinamishe vichwa! Na wifi yangu akamchukua Eliya, akasema mimi sitampakata tena mwanangu.

Aliyenitoa motoni ni Salome, binti wa jirani yangu, anayefanya utafiti wa ubongo na dawa zake huko chuo kikuu. Alikuwa amekuja kusalimia wazazi. Akanilaza ubavu, akalifuta povu kwa khanga yake. Mkasubiri naye aanguke. Ameanguka? Si yule pale!

Zahanati wakanirudishia vidonge. Nikamuuliza kwa machozi, "Salome, shetani amerudi?"

"Shetani gani, dada? Ukiwa umefungua mzinga, moshi wa kuwatuliza nyuki ukazimika ghafla, inakuwaje?"

"Nyuki wananimaliza!"

"Basi ndicho kilichokupata."

Akanieleza kwamba ubongoni kuna vipokezi, vilango vidogo vya kupokea ujumbe. Kidonge changu kinavisaidia vile vya kutuliza. Ukikiacha ghafla, ubongo unachafuka kuliko mwanzo.

Ndugu zangu, vilango hivyo aliviumba nani? Mungu! Na akili ya kuvichungulia Salome kapewa na nani? Mimi nikienda kurina naomba kwanza, na moshi nabeba. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kubeba moshi ni kukosa imani, na asali mnakula!

Tangu nirudie dawa sijaanguka. Utukufu kwa Bwana! Wewe uliyemficha mtoto wa kifafa chumbani, mtoe, mpeleke zahanati, na umwombee njiani. Mtegemee Mungu, hajawahi kunitupa. Mliokuwa mlangoni mlinitupa, yeye hapana.

Na wewe wifi, nakuona. Ibada nzima umempakata mwanangu. Nakimeza kidonge changu hapa hapa, mbele ya watu wote, halafu uniletee Eliya.

Mama mchungaji, naomba maji ya kunywa.