Mafaili ya Thuku

Kijiwe cha Shella, nyuma ya duka la vyuma, hakina anwani, ila habari za Malindi nzima hupita hapo kabla hazijafika kwa wenyewe. Asubuhi hiyo, mwaka 1988, Masha alikuwa kwenye kikombe cha kwanza cha kahawa. Walimwita Baharia, maana alifika Bombay na Hamburg akiwa mpishi wa meli, na kote huko hakuona ila masufuria. Musembi wa hotelini akaja, akaketi bila salamu.

— Kulikoni, Musembi?

— Kompyuta imekataa, Baharia. Natakiwa niweke programu ya kuigawa mashine moja iwe kama tatu, kila moja na jina lake: ya mapokezi, ya jikoni, ya hesabu. Wageni washuka jioni. Isipokuwa tayari, meneja kasema nisirudi.

— Moja kuwa tatu? alidakia Kahindi, aliyeitwa Daktari kwa kuwa aliwahi kufagia hospitali. Hiyo ni mimba. Mwachie mkunga.

— Yasema sina ruhusa. Mafaili ni ya Thuku.

Macho yakaenda mwisho wa benchi. Thuku alikuwa akikaa pale kila asubuhi, mpaka walipomzika mwezi uliopita.

— Basi kaingia mashineni, alisema Daktari. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba yahusu nini hapo? aliuliza Nzai, muuza kahawa.

— Kaingia kidogo kidogo!

— Ichinjiwe kuku, alisema Nzai. Mweupe.

— Kuku wa nini? alisema Masha. Hamburg nilikuta mlango wa duka usio na bawabu. Nikauamkia shikamoo, ukafunguka wenyewe. Nawe kaiamkie.

Hata Musembi alicheka, kisha kicheko kikamkauka.

— Fundi wa Nairobi kanielekeza kwa simu. Nafuta jina la Thuku, naandika langu, basi. Mstari mmoja.

— Sasa si uandike!

Musembi akazungusha kikombe.

— Kidole hakishuki.

Hapo Masha akaelewa ni nani hasa aliyekataa. Thuku ndiye aliyemfundisha Musembi kazi. Na huku, hata shati la marehemu huligusi mpaka wenyewe wakugawie. Huyu aambiwa avae kila kitu bila hodi.

Wanjira, mjane wa Thuku, alikuwa akipita na kikapu cha sokoni. Masha akainuka.

— Shemeji, hebu tusaidie.

Akamweleza yote, kuku kamwacha. Wanjira akamgeukia Musembi.

— Humo ndani mna nini?

— Majina ya wageni, mama. Mchele. Shuka.

— Chukua. Alikuwa akisema mkono wako ni mwepesi kuliko wake.

Akatua kikapu, akauliza taratibu:

— Na jina lake, likishafutwa, laenda wapi?

Nzai akainua dele la kahawa, likatoa kikombe kimoja tu na machicha. Akampa Wanjira. Masha akasogea kumpa nafasi. Wanjira akaketi pale mwisho wa benchi.

Musembi akasimama, akajipangusa suruali.

— Sijui, mama. Lakini zile mashine tatu bado hazina majina.